Mheshimiwa, usimwidhinishe Jaji Mkuu atakayekifumbia macho Kifungu cha 26

Mbunge wa Kenya ana kauli ya moja kwa moja katika uteuzi wa majaji wawili pekee: Jaji Mkuu na Naibu wake. Majaji wengine wote, kuanzia Mahakama Kuu hadi wale watano wanaokamilisha benchi la Mahakama ya Juu, hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, kisha Rais akawateua bila majina yao kupitia Bungeni. Kifungu cha 166 cha Katiba kinataka Jaji Mkuu na Naibu Jaji Mkuu waidhinishwe kwanza na Bunge la Kitaifa. Fursa hiyo haiji mara kwa mara. Jaji Mkuu Martha Koome aliidhinishwa Mei 2021. Alizaliwa 1960, na kwa kuwa majaji hustaafu wakifika umri wa miaka 70, kiti chake kitakuwa wazi kufikia 2030. Naibu wake, Philomena Mwilu, aliye katika wadhifa huo tangu 2016, anatarajiwa kumtangulia. Huenda basi mbunge tutakayemchagua Agosti 2027 akapigia kura majina yote mawili kabla muhula wake haujaisha. Ombi langu linamhusu Mbunge wetu wa Kitui Rural, David Mwalika Mboni, linamhusu kila atakayekuja kutuomba kura Kwa Vonza, Kanyangi, Kisasi na Mbitini, na linawahusu wenzao wa Makueni, kuanzia Mbooni hadi Kibwezi. Jina likifika mbele yenu, mkataeni yeyote asiyekuwa tayari kukilinda Kifungu cha 26(4) kama kilivyoandikwa, pamoja na maneno yake yanayookoa maisha na afya ya mama mjamzito.

Tuanze na maandishi yenyewe, kwa sababu mengi husemwa na watu wasioyasoma. Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Pana katazo hapo, na pana visa vya kuokoa, na vyote viwili ni Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2017 Bunge lenyewe likafafanua zaidi kupitia Sheria ya Afya. Lilisema mhudumu anayetajwa anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, mradi awe amefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na ana leseni halali. Likaeleza pia kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha katika jamii, wala si kutougua tu. Kwa watu wa Ukambani, ambako afisa wa kliniki au muuguzi mara nyingi ndiye wa kwanza na wa mwisho kumwona mgonjwa, maneno hayo yana uzito mkubwa. Jaji atakayeyasoma kana kwamba hayapo atakuwa amefuta kazi ya Bunge, na mbunge anayejali heshima ya Bunge ana kila sababu ya kumhoji.

Tatizo ni kwamba kati ya Katiba na kitanda cha mgonjwa kumebaki pengo. Kanuni za Adhabu, tulizorithi kutoka enzi ya ukoloni, bado zinatishia kifungo cha miaka 14 kwa anayemsaidia mwanamke kuharibu mimba kinyume cha sheria, miaka saba kwa mwanamke mwenyewe, na miaka mitatu kwa anayetoa dawa au vifaa. Ili mhudumu ajue mpaka uko wapi, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2012. Desemba 2013 mwongozo huo ukaondolewa, na Februari 2014 waraka mwingine ukapiga marufuku mafunzo ya wahudumu. Hatua hizo zilifuata miezi michache tu baada ya utafiti ulioishirikisha wizara hiyo hiyo kukadiria kwamba mimba zaidi ya 464,000 ziliavywa nchini mwaka 2012, na kwamba wanawake wapatao 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Katika pengo hilo ndimo alimoangukia msichana wa Kisii anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi JMM. Alibakwa, akashika mimba akiwa na umri wa miaka 14, akaavya mimba mikononi mwa asiye na ujuzi. Alipoanza kutapika na kuvuja damu alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zake zikaharibika, na Juni 2018 akafariki. Mwaka uliofuata, majaji watano wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofikishwa na shirika la mawakili wanawake FIDA-Kenya na wenzake, waliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo na kupigwa marufuku kwa mafunzo kulikiuka Katiba. Walisema mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mhudumu aliyehitimu anaona maisha au afya ya mama imo hatarini, na wakaamuru familia ilipwe fidia ya Sh3 milioni. Fidia hiyo ilitolewa msichana akiwa tayari kaburini.

Hukumu hiyo haikumaliza mvutano. Mwaka 2019, Kaunti ya Kilifi, msichana wa chini ya miaka 18 aliyeitwa PAK mahakamani alienda kliniki akiwa na maumivu na anavuja damu. Polisi wakaingia, wakamkamata yeye pamoja na afisa wa kliniki aliyemtibu, na wote wawili wakafunguliwa mashtaka. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi alisema huduma ya kutoa mimba katika visa vilivyotajwa ni haki inayolindwa na Katiba, na kwamba kuwakamata wagonjwa na wahudumu kiholela ni kinyume cha sheria. Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, ikisisitiza kwamba Katiba haikuweka haki ya kuavya mimba bali katazo lenye visa vya kipekee. Ngazi iliyobaki juu yake ni moja, Mahakama ya Juu, na Kifungu cha 163 kinasema uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote nchini. Kwa hivyo iwe ni kupitia kesi hii au nyingine itakayoifuata, siku moja majaji saba ndio watakaosema maneno "afya ya mama" yana maana gani hasa, na afisa wa kliniki wa Kwa Vonza atalazimika kuishi na jibu lao.

Huenda mtu akauliza: Jaji Mkuu ana kura moja tu kati ya saba, ya nini kumpa uzito wote huu? Ni kwa sababu mamlaka yake hayaishii kwenye kura hiyo. Yeye ndiye rais wa Mahakama ya Juu na mwenyekiti wa JSC, tume inayowahoji na kuwapendekeza majaji wengine wote, na Naibu wake humkaimu asipokuwepo. Zaidi ya hayo, kesi ya Katiba ikionekana nzito, Jaji Mkuu ndiye anayeteua majaji wasiopungua watatu wa kuisikiliza katika Mahakama Kuu. Lile benchi la watano lililoamua kesi ya JMM lilitokana na mamlaka hayo. Jaji Mkuu asiyeiamini sehemu moja ya Katiba anaweza kuidhoofisha kwa miaka kumi bila kuandika hukumu hata moja, kwa kuchagua tu nani aketi wapi. Wamarekani wamelipia somo hili. Haki ya kuavya mimba iliyotambuliwa na Mahakama yao ya Juu mwaka 1973 ilifutwa Juni 2022. Bunge lao halikuwa limetunga sheria mpya. Kilichobadilika ni benchi, baada ya majaji watatu kuidhinishwa na Seneti kati ya 2017 na 2020, mmoja wao, Brett Kavanaugh, kwa kura 50 dhidi ya 48. Kura moja au mbili za maseneta zilibadilisha maisha ya mamilioni. Sisi hatuna sababu ya kungoja hukumu ndipo tuanze kuuliza aliyeitoa alipitishwa na nani.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani. Kwa Vonza si kijiji tena. Tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipewe hati yake mwaka 2013, eneo hili hupokea maelfu ya vijana walio mbali na wazazi, wakiwemo wasichana wengi wa kati ya miaka 18 na 24. Lakini mama ninayemfikiria zaidi si mwanafunzi. Ni mwanamke aliyeolewa, mwenye mimba ya miezi minne anayoitaka kwa moyo wote, ambaye chupa yake ya uzazi inapasuka mapema. Anafika kituo cha afya usiku kwa bodaboda, ana homa, tumbo linauma likiguswa, moyo unaenda mbio. Mtoto hawezi kuokolewa, kwa kuwa mapafu yake hayajakomaa na hakuna hospitali duniani inayoweza kumlea nje katika umri huo. Maambukizi yameingia kwenye mji wa mimba, na tiba ni dawa za viua vijasumu pamoja na kuutoa ujauzito haraka, kabla sumu haijasambaa katika damu. Aliye zamu ni afisa wa kliniki. Anajua la kufanya, kwa sababu alisoma. Anajua pia kwamba moyo wa mtoto bado unapiga, na kwamba kuna afisa wa kliniki aliyefikishwa kortini kule Kilifi. Akisita, akaandika rufaa ya kwenda Kitui mjini na kusubiri gari, saa zinakwenda. Nchini Ireland mwaka 2012, Savita Halappanavar alifariki katika hospitali kubwa ya Galway katika hali kama hiyo hiyo. Alikuwa na mimba ya wiki 17 iliyokwisha kuharibika, naye aliomba itolewe akakataliwa kwa kuwa moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga. Sheria ya Ireland wakati huo iliruhusu kuokoa maisha ya mama. Kilichokosekana ni uhakika wa lini daktari anaruhusiwa kuchukua hatua. Mwaka 2018 wananchi wa nchi hiyo ya Kikatoliki walipiga kura wakaondoa kifungu kilichosababisha kigugumizi hicho. Kenya haina haja ya kura ya maoni, kwani kifungu chetu tayari kinataja afya. Tunachohitaji ni majaji watakaokisoma chote.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko mengine, ni uhuru wa mahakama. Wapo watakaosema mbunge akimhoji mteule kuhusu uavyaji mimba atakuwa anamwagiza namna ya kuamua kesi, jambo ambalo Kifungu cha 160 kinalikataza. Naliheshimu pingamizi hili, na ndiyo maana siombi mteule aulizwe ataamua vipi kesi yoyote. Naomba aulizwe kama anakubali kwamba visa vilivyotajwa katika 26(4) ni sehemu ya Katiba sawasawa na katazo lililotangulia, na kwamba tathmini ya hatari ni ya mhudumu wa afya, si ya polisi. Hayo si maswali ya kesi. Ni maswali ya kujua iwapo mtu anayeomba kuwa mlinzi mkuu wa Katiba anaikubali. Na kipimo hiki kinakata pande zote mbili: mteule atakayesema katazo la kuavya mimba halina maana yoyote, na kwamba kila mimba inaweza kutolewa kwa sababu yoyote, naye akataliwe, kwa kuwa atakuwa amefuta nusu ya kifungu. Isitoshe, mlango huu umewahi kutumiwa. Mwaka 2011, Willy Mutunga na Nancy Baraza walipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu na Naibu wake, viongozi wa makanisa waliwapinga kwa sababu ya misimamo yao waliyodhani inahatarisha maadili. Bunge likawahoji wateule, likasikiliza, likawaidhinisha. Viongozi hao walikuwa na haki ya kusema, na sisi tunaowaza tofauti tuna haki hiyo hiyo.

Pingamizi la pili ni la imani, na hapa Ukambani halipaswi kupuuzwa. Katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, uliokuwa Mkoa wa Mashariki, ambamo Kitui na Makueni zilikuwemo, ulikuwa na kura nyingi za La kuliko za Ndiyo, na mahubiri dhidi ya Kifungu cha 26 yalichangia. Mbunge anaweza kusema watu wake walikwisha kukataa. Lakini takriban theluthi mbili ya Wakenya waliopiga kura waliikubali Katiba ile, na hatukuyabagua mazuri yake. Ndiyo iliyotuletea serikali za kaunti na mgao wa fedha, na ndiyo iliyoziwezesha kaunti zetu kujenga hospitali, ikiwemo ile ya mama na mtoto mjini Wote. Hata Waziri wa Haki Katiba hiyo ilipopitishwa, Mutula Kilonzo, alikuwa wa kwetu, Mbunge wa Mbooni. Hatuwezi kuvuna matunda ya ugatuzi na kumwambia mama anayevuja damu kwamba kifungu chake hakituhusu. Tena kifungu hicho hakimlazimishi mwanamke yeyote kutoa mimba wala hakimzuii kasisi au mchungaji kufundisha anachoamini. Mbunge anapoapishwa, kiapo chake ni kuitii na kuilinda Katiba yote. Dhamiri yake imwongoze katika maisha yake. Afya ya mama wa Kanyangi iongozwe na sheria.

Wengine huhofia kwamba neno "afya" litakuwa upenyo wa kila mtu kuavya mimba apendavyo. Hofu hii ingekuwa na nguvu kama uamuzi ungeachiwa mtu yeyote. Katiba imeukabidhi kwa mhudumu aliyehitimu, mwenye leseni inayoweza kufutwa na baraza la taaluma yake, ambaye akidanganya kuhusu hali ya mgonjwa anashtakiwa kama mwingine yeyote. Na kama lengo ni kupunguza idadi ya mimba zinazoavywa, ushahidi wa nchi hii haupo upande wa vitisho. Vifungo vya miaka 14 vilikuwa kwenye vitabu mwaka mzima wa 2012, na makadirio ya mwaka huo ndiyo hayo niliyoyataja. Adhabu haikuzuia uavyaji. Ilichofanya ni kuuhamisha kutoka chumba cha matibabu hadi chumba cha nyuma cha mtu asiye na ujuzi, huko alikopelekwa JMM. Njia zinazopunguza mimba zisizotarajiwa zinajulikana: elimu kwa vijana, upangaji uzazi unaopatikana bila kutembea nusu siku, na kuwashtaki wabakaji kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mbunge anayechukia uavyaji mimba ana kazi ya kutosha hapo.

Kuna pia wasemao kwamba watu wa ukame wana shida kubwa kuliko hii, kwamba mbunge wa Kitui apiganie maji na barabara kwanza. Ni kweli maji ni uhai. Hata hivyo kura ya kumwidhinisha jaji haimnyang'anyi mbunge hata shilingi moja ya bwawa wala siku moja ya kufuatilia barabara, na sensa ya 2019 ilionyesha Kenya ilikuwa ikipoteza wanawake 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi. Wanaochota maji, wanaolima maharagwe na ndengu, wanaouza sokoni ili karo ilipwe, wengi wao ni wanawake hao hao. Kama kisingizio ni msimamo wa chama, basi mbunge akumbuke kwamba Bunge la Kitaifa lina wajumbe 349, na kwamba uamuzi hupitishwa kwa wingi wa waliohudhuria na kupiga kura. Siku ambayo wengi wamekaa nje ya ukumbi, kura chache zenye msimamo huwa na uzito ambao hakuna kiranja wa chama anayeweza kuudharau.

Hivyo basi, Mheshimiwa, tunachokuomba ni hiki. Jina likitua Bungeni, usingoje siku ya kura. Sheria ya 2011 kuhusu uidhinishaji wa uteuzi inamruhusu mwananchi yeyote kuwasilisha kwa Karani wa Bunge taarifa ya kiapo yenye ushahidi wa kumpinga mteule, lakini pia inasema Bunge lisipotoa uamuzi ndani ya muda uliowekwa, mteule huhesabiwa ameidhinishwa. Tangaza tarehe hizo Kwa Vonza, Kisasi na Mbitini mapema, ili wauguzi, maafisa wa kliniki, wakunga na akina mama wapate kusema. Kamati ikimhoji mteule, hakikisha anaulizwa mambo matatu: kama anakubali visa vya 26(4) vina nguvu sawa na katazo lake, kama anakubali neno "afya" lina maana ambayo Bunge lililipa mwaka 2017, na kama anakubali kwamba mhudumu aliyeamua kwa nia njema na kwa ujuzi wake hastahili kukamatwa katikati ya matibabu. Akijibu ndiyo, msikilize kwa mengine yote, maana ujuzi na uadilifu pia vina nafasi yake. Akizungukazunguka au akikataa, piga kura ya La, na useme hadharani sababu yako. Na wewe unayepanga kutuomba kura Agosti 2027, tuambie msimamo wako kuhusu jambo hili kabla hatujakupa. Kura ya kumpata Jaji Mkuu huenda ukaipiga mara moja tu katika maisha yako ya siasa, na akina mama wa Kitui na Makueni wataishi na matokeo yake muda mrefu baada ya wewe kuondoka Bungeni.